ELIMU KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUPIMA URUSHO WA PINI YA BUNDUKI YA BOLTI



Kisiwa chetu cha Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ambao makao yake makuu yako Kibaha. Yanayowapata ndugu zetu wa Kibaha na Kisarawe yanatuhusu na sisi. Wilaya ya Kisarawe imepakana na nyika za Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka katika Pori la Akiba la Selous. Nasi hapa kisiwani tunao viboko wanaotoka mabwawani usiku kuingia mashambani. Kote huko, mwananchi akivamiwa na mnyama humtazamia askari wa wanyamapori, na askari hutegemea bunduki yake.

Jambo hili si dogo. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania. Huko Rufiji, ndani ya mkoa wetu huu, watu zaidi ya 30 waliuawa katika kipindi kilichokoma mwaka 2004. Askari anayemwendea mnyama wa namna hiyo kisha bunduki ikalia "ta!" bila ya kutoa risasi, yumo katika hatari kubwa. Mara nyingine chanzo cha mlio huo ni upungufu usiofikia hata nusu milimita. Makala haya yana lengo la kueleza upungufu huo na jinsi unavyopimwa.

PINI NA KAZI YAKE

Bunduki za bolti zilienea katika nchi yetu pamoja na majeshi: Mauser za Wajerumani na Lee-Enfield za Waingereza. Bunduki nyingi za kuwindia za leo zimefuata mfano wa Mauser. Ndani ya bolti mna pini ya kufyatulia inayosukumwa na springi. Kifyatulio kikivutwa, pini huruka mbele, ncha yake hutokeza katika uso wa bolti na kuigonga fataki iliyo kwenye kitako cha ganda. Fataki huwasha baruti, na baruti huisukuma risasi mtutuni. Gobore la kienyeji halimo katika somo hili, kwa kuwa halina pini ya namna hii. Fataki yake hupigwa na nyundo kwa nje.

Kiasi ambacho ncha hutokeza nje ya uso wa bolti ndicho tunachokiita hapa urusho wa pini. Urusho ukipungua, fataki hugongwa kwa udhaifu. Risasi hukataa kulia, au huchelewa. Urusho ukizidi, ncha inaweza kuitoboa fataki, na gesi yenye moto ikarudi nyuma kuelekea jicho la mpigaji. Kwa hiyo kupungua ni hatari na kuzidi ni hatari. Dini zetu zinatuamrisha kutimiza vipimo tunapouza na kununua. Katika chombo kama hiki amri hiyo ni ya kuhifadhi roho.

JINSI YA KUPIMA

Kazi hii ni ya mwenye silaha aliyeruhusiwa kisheria, au ya fundi wa silaha. Hatua zake ni hizi:

1. Elekeza mtutu upande usio na mtu. Toa risasi zote, kisha hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Risasi zipelekwe chumba kingine kabla kazi haijaanza.

2. Chomoa bolti. Ifute mafuta na uchafu, hasa kwenye uso wake. Chembe ya mchanga inaweza kuharibu kipimo.

3. Hakikisha pini imeachiwa mbele. Katika bunduki nyingi za aina ya Mauser, bolti ikichomolewa hubaki imekokiwa na pini imerudi ndani; ukipima hivyo utapata sifuri. Kuiachia hufanywa kwa utaratibu wa kitabu cha bunduki hiyo, kwa uangalifu, maana springi yake ni kali na huumiza vidole.

4. Chukua kalipa yenye ulimi wa kupimia kina. Egemeza kitako cha kalipa kwenye ukingo wa mbele wa bolti, uteremshe ulimi hadi ufike kwenye uso wa bolti. Andika kipimo hicho.

5. Pasipo kubadili mkao, teremsha ulimi hadi uguse ncha ya pini tu. Andika kipimo cha pili.

6. Toa kipimo cha pili katika kipimo cha kwanza. Mfano: uso wa bolti uko kina cha milimita 3.30, na ncha ya pini iko kina cha milimita 1.75. Urusho ni milimita 1.55.

7. Rudia mara tatu. Vipimo vikipishana sana, kosa liko katika mkono au katika uchafu.

KUSOMA MATOKEO

Kipimo cha kiwanda ndicho cha kufuatwa. Kwa bunduki nyingi za kuwindia, urusho huwa kati ya milimita 1.4 na 1.65. Kwa Lee-Enfield huwa kati ya milimita 1.0 na 1.27. Basi milimita 1.2 ni sawa kwa Lee-Enfield, lakini ni pungufu kwa bunduki nyingi za mfano wa Mauser. Aidha, ncha itazamwe: iwe ya mviringo laini, isiyochongoka wala kumeguka.

Kipimo kikiwa sahihi na bado risasi zinakataa, sababu itafutwe kwingine: springi iliyochoka, risasi zilizoingia unyevu, au grisi nzito iliyoganda ndani ya bolti. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na wengi huzidisha mafuta kwa kuogopa kutu. Mafuta hayo hushika vumbi na kuizuia pini kwenda kasi.

MAONYO

Kwanza, ni marufuku kuipiga tupa pini au kuirefusha kwa kubahatisha. Kilichopunguzwa hakirudi. Pini yenye kasoro ibadilishwe na fundi mwenye leseni.

Pili, risasi ikikataa wakati wa mazoezi, usifungue bolti papo hapo. Mtutu ubaki upande salama, nawe usubiri sekunde 30, kwa kuwa baruti inaweza kuchelewa kuwaka.

Tatu, umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Asiye na leseni hana ruhusa ya kupima wala ya kutengeneza. Wajibu wake ni kuisalimisha silaha katika kituo cha polisi.

Watumishi wanaokabidhiwa silaha wanakumbushwa kuzipima kabla ya kwenda porini. Atakayegundua kasoro akiwa ghalani amepoteza siku moja tu. Atakayeigundua mbele ya mnyama huenda asipate nafasi ya kuitolea taarifa. Tahadhari kabla ya hatari.