SOMO LA AFYA: USAFI WA TANGI LA MAJI

Mji wa Tunduma, uliopo mpakani na Zambia katika Mkoa wa Songwe, umekabiliwa kwa miaka mingi na upungufu wa maji ya bomba. Wakaazi wake, kama wengi wetu hapa Visiwani, huhifadhi maji katika matangi. Kipindupindu kilipoenea Zambia mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, usafi wa matangi hayo ulikuwa ni suala la uhai, kwani maji safi yakitiwa katika tangi chafu huchafuka.

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kusafisha matangi yao angalau kila miezi 6, kwa utaratibu ufuatao:

1. Maji yote yamwagwe, pamoja na tope lililotuama chini ya usawa wa mfereji.

2. Kuta zisuguliwe kwa brashi na kusuuzwa. Anayeingia ndani awe na mwenzake nje.

3. Tangi lijazwe maji. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, gramu 70 kwa kila lita 1,000, ikorogwe kwanza katika ndoo ya maji, kisha imiminwe. Isichanganywe kamwe na tindikali wala sabuni.

4. Mifereji ifunguliwe hadi harufu ya klorini isikike, kisha ifungwe kwa saa 24.

5. Maji hayo yasinywewe. Yamwagwe mbali na kisima na mimea. Tangi lisuuzwe, lijazwe maji safi na lifunikwe.

Tangi lisilo na mfuniko halina tofauti na kisima kilicho wazi.