SOMO LA MWEZI HUU: KUWEKA AKIBA YA MAJANI KABLA YA KIANGAZI



Somo la mwezi huu linahusu majani ya mifugo: namna ya kuyakata, kuyakausha, kuyavundika na kuyalisha. Huenda mwingine akauliza, majani yanahusu nini kanisa? Yanahusu maziwa ya watoto wetu na ada za shule. Yanahusu pia amani kati yetu na majirani waliotupokea hapa pembeni mwa Kigali. Kwa hiyo tusome pamoja, na asiyejua kusoma asomewe na mwanawe.

Yaliyotupata

Kiangazi cha mwaka juzi kikundi chetu cha ufugaji kilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na mbuzi tisa. Mwezi wa nne majani yalikuwa mengi hata tukayaacha yazeeke shambani. Mwezi wa nane hapakuwa na kitu. Watoto walitoka alfajiri na mundu, wakarudi saa tano na mzigo mdogo wa majani makavu ya kando ya barabara. Mara mbili walifukuzwa kwenye shamba la watu, na haki ilikuwa ya mwenye shamba. Ng'ombe alishuka kutoka lita nane kwa siku hadi lita mbili. Mbuzi wawili walikufa.

Tulikaa kikao. Wengine tulisema kiangazi kilikuwa kibaya. Mama mmoja akatujibu: "Kiangazi huja kila mwaka. Ni sisi ambao hatukukingojea." Hakuna aliyempinga.

Hapa Rwanda kalenda inajulikana. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei. Kiangazi kirefu huanza Juni na kufika katikati ya Septemba, yaani siku 100 hivi. Halafu mvua ya vuli hadi Desemba, na kiangazi kifupi Januari na Februari. Chakula cha Agosti hutafutwa Aprili na Mei.

"Tusipande, kesho tunarudi"

Kabla ya kufundisha kazi ya mikono, tuseme neno moja la moyo. Wengi wetu tulikataa kupanda majani kwa sababu tulisema hatutakaa. Tukumbuke: kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Gihembe ilianza mwaka 1997 na ikafungwa mwaka 2021, watu wakahamishiwa Mahama. Hiyo ni miaka 24, na waliozaliwa humo walipata watoto humo. Matete, yale ambayo Wanyarwanda huyaita urubingo na sisi tuliyaita mabingobingo, huanza kukatwa miezi mitatu au minne tu baada ya kupandwa. Ukiondoka kabla hujayamaliza, jirani atayakata na kukukumbuka kwa wema. Kupanda hakuzuii kurudi nyumbani.

1. Kukata kwa wakati

Majani yakiwa machanga yana maji mengi na hayashibishi. Yakizeeka, mabua huwa magumu kama kuni na nguvu ya chakula hupungua. Matete yakatwe yakifika mita moja au kuzidi kidogo, kisha kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua. Acha kisiki cha sentimita 10 hivi. Ukikata hadi udongo, shina halina kitu cha kuanzia tena, na hapo ndipo wengi wetu tulipoua mashamba yetu. Baada ya kukata, rudisha samadi kwenye mistari. Majani yanayoondolewa kila mara bila kurudishiwa kitu huchosha ardhi.

Usiyekuwa na shamba, usikate tamaa. Katika milima hii matete hupandwa kwenye kingo za matuta ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mwombe mwenye shamba umpandie kingo zake na kuzitunza, mgawane majani. Mpatane mbele ya mashahidi, na mambo yawe wazi tangu mwanzo.

2. Hei, yaani majani makavu

Matete hayafai sana kwa hei, kwa kuwa mabua yake manene hukawia kukauka. Majani membamba kama Rhodes au brachiaria ndiyo mazuri. Yakate yakianza kutoa maua, mvua zikiwa zimepungua, mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Kata asubuhi umande ukishakauka. Tandaza, geuza mara mbili kwa siku, na kabla ya jioni yakusanye na kuyafunika kwa shitingi. Siku mbili au tatu za jua zinatosha. Yasikae juani wiki nzima, kwa maana majani madogo hukatika na kupotea, nayo ndiyo yenye chakula.

Jaribio ni hili: chukua konzi ya majani uipinde. Yakivunjika bila kutoa unyevu, yako tayari. Yakijipinda kama kamba, bado.

Mwaka jana hatukungoja. Tuliyafunga yakiwa na unyevu, tukayapanga juu ya udongo. Baada ya wiki mbili rundo lilikuwa moto katikati na limeota ukungu. Tulitupa karibu nusu. Majani yenye ukungu si ya kulisha, hata njaa ikizidi, kwa maana yana sumu inayoweza kudhuru mnyama na kuharibu mimba. Sasa tunaweka miti chini ili hewa ipite, na paa juu.

Kufunga marobota hakuhitaji mashine. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba, jaza majani, kanyaga kwa miguu, funga. Robota moja hufika kilo 20 hivi.

3. Saileji, yaani majani ya kuvundika

Saileji inafaa matete, na inaweza kufanyika hata wakati wa mvua. Akina mama wanaogandisha maziwa wataelewa upesi. Kama vile maziwa yakichachuka hayaozi haraka, ndivyo majani yaliyofungiwa bila hewa hutengeneza asidi inayoyahifadhi. Adui wa saileji ni hewa.

Fuata hatua hizi:

a) Kata matete, yaache yanyauke nusu siku au siku moja.
b) Yakatekate vipande vya sentimita 2 au 3. Vipande virefu huacha nafasi za hewa.
c) Kwa kila kilo 100 nyunyizia kilo 3 hivi za molasi iliyochanganywa na maji kidogo. Ukikosa molasi, tumia kilo 5 za pumba za mahindi.
d) Jaza pipa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka likanyagwe sana. Pipa la lita 200 hubeba kilo 100 hivi.
e) Funga kabisa, weka mawe juu, usifungue kabla ya wiki nne.

Tunasisitiza pipa kwa sababu nchi hii ilikataza mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, ikaongeza nyingine mwaka 2019. Anayetaka kutumia plastiki ya shambani amuulize kwanza veterineri wa sekta. Tusijiletee shida kwa kuvusha mifuko mpakani.

Saileji nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea njano na harufu ya uchachu mtamu. Ikiwa nyeusi, inateleza na kunuka uozo, itupwe. Ukishafungua, chota ya siku hiyo tu na ufunike tena. Mzoeshe mnyama kidogo kidogo kwa wiki moja, na ulishe baada ya kukamua ili maziwa yasichukue harufu.

4. Hesabu ya akiba

Ng'ombe wa kilo 350 hula chakula kikavu cha kilo 10 hivi kwa siku, bila kuhesabu maji yaliyomo. Kwa siku 100 ni kilo 1,000. Ikiwa nusu utaipata kwa majani mabichi ya kutafuta, nusu nyingine ni karibu kilo 600 za hei, yaani marobota 30. Mbuzi wa kilo 30 hula karibu kilo moja, kwa hiyo nusu yake ni marobota matatu. Akiba yako ikitosha wanyama wawili, usiingie kiangazi na watano. Afadhali kuuza wawili mwezi wa sita wakiwa wanono kuliko kuwazika mwezi wa nane. Na anayekula majani makavu anywe maji mengi zaidi.

5. Kwa ajili ya malisho ya nyumbani

Hapa tunafugia bandani. Lakini wazee wetu wa Masisi na Minembwe walichunga milimani, na watoto wetu wapaswa kujua. Nyasi hujilisha kwa jani lake. Ng'ombe akirudi kuling'ata kabla halijapona, nyasi hutumia akiba ya mizizi, kisha mizizi hufa na udongo hubaki wazi. Kwa hiyo gawanya malisho vipande, toa ng'ombe nyasi zikibaki sentimita 10, na kipumzishe kila kipande wiki nne hadi sita wakati wa mvua, zaidi wakati wa kiangazi.

Tuna mfano karibu. Baada ya mwaka 1994, wakimbizi waliokaa miongo mingi nje walirudi Mutara na ng'ombe wengi mno. Malisho hayakutosha, na mwaka 1997 zaidi ya nusu ya Hifadhi ya Akagera ilitolewa kwa ajili ya watu na mifugo. Kurudi nyumbani ni baraka, lakini hakuongezi nyasi. Arudiye na ujuzi wa kuweka akiba amerudi na kitu.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Someni Mithali 27, aya ya 23 hadi 27. Mwenye mifugo anaambiwa ajue nini, na majani yanatajwa wapi?
2. Kiangazi kilichopita tulikata majani kwa nani, na je, tulimwomba?
3. Tangu 2006 mpango wa Girinka huwapa ng'ombe familia maskini za Rwanda, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Sisi tunaweza kumpa jirani nini: mbegu, vipando vya matete, au siku moja ya kazi?
4. Nyumbani mwetu kuna wanyama wangapi, na marobota mangapi yanahitajika?

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano tutakutana nyuma ya kanisa. Kila nyumba ilete mundu na kamba. Sanduku la kufungia tunalo moja, nasi tutalitumia kwa zamu.

Bwana azibariki kazi za mikono yenu.