Mashine ya Kufumia Soksi

Wenzangu wa madarasa ya chini, nanyi wakubwa zetu mliokwisha toka, wengi huuliza mashine ile ya mviringo yenye mpini wa kuzungusha yafanya kazi gani. Yafuma soksi, na kwa kuwa mwanzo wake ni mgumu kidogo, yafaa nieleze.

Mviringo ule ni silinda ya chuma yenye mifereji, na kila mfereji una sindano moja. Silinda nyingi huwa na sindano 72. Sindano hizi si za kushonea. Kichwa cha kila moja ni ndoana, na chini ya ndoana pana ulimi mdogo. Ukizungusha mpini sindano hupanda, na kitanzi cha zamani huufungua ulimi kikabaki chini yake; uzi mpya huingia ndoanani. Sindano ikishuka, kitanzi kile huusukuma ulimi ukafunga, nacho kikaponyoka juu ya kichwa. Basi kipya kimepita ndani ya cha zamani. William Lee wa Uingereza alitengeneza mashine ya kufuma mwaka 1589, lakini sindano yenye ulimi ilikuja baadaye sana, nayo Matthew Townsend wa Leicester aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1849.

Anayejifunza asianze na uzi mtupu. Achukue kipande cha soksi kuukuu, atundike vitanzi vyake sindanoni kimoja kimoja, kisha aning'inize kizito chini. Pasipo kizito vitanzi hupanda pamoja na sindano, na kazi yote huvurugika. Azungushe polepole, mbele tu, macho yakiwa kwenye ndimi.

Sisi wa pwani hii, toka Palma hata Quissanga, tumezoea nyavu, nasi hudhani jicho moja likikatika si neno. Wavu una mafundo. Jicho likikatika, jirani zake husimama. Soksi haina fundo hata moja. Kitanzi kimoja kikianguka, cha chini yake hufuata, na cha chini tena, ikawa ngazi ndefu. Hapana budi kusimama papo hapo na kukipandisha kwa kulabu ndogo.

Kisigino ndicho mtihani wenyewe. Inua sindano 36 zisifanye kazi, nazo 36 zilizobaki uzifumie kwa kwenda na kurudi. Kila kabla ya kugeuka, inua sindano moja ya ukingoni, upande ulipo uzi, hata zibaki 12 katikati. Kisha uzirudishe moja moja. Hapo mfuko wa kisigino hutokea. Ncha ya vidole hufumwa vivyo hivyo, ila huzibwa kwa mkono.

Adui mkubwa ni hewa ya chumvi. Ulimi wenye kutu haufungi, basi kila jioni pakeni mafuta ya cherehani.

Mtasema, nani atavaa soksi kwa joto letu? Wacheza mpira, na watu wa Mueda, ambako asubuhi za Juni na Julai ni za baridi. Tena mashine hii haitaki umeme. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wengi walikimbilia Pemba kwa vyombo vya baharini, na cherehani ya miguu haibebeki kwa mbio. Hii yaingia kikapuni, na meza yoyote yatosha kuifungia. Uzi, kwa asiye na fedha, hupatikana kwa kufumua sweta za mitumba. Lakini uoshwe na kunyooshwa kwanza, maana uliojikunja hukwama ndoanani.