Mumbua katika Uembu: Jina kama Hati ya Nasaba ya Mhamiaji

Utangulizi

Mtafiti wa nasaba kwa kawaida huanzia kwenye maandishi: daftari la ubatizo, hati ya ndoa, orodha ya wasafiri. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, Wajerumani waliohamia huko tangu miaka ya 1720 walimezwa na majirani wao waliozungumza Kifaransa, na wengi wa vizazi vyao wakaingia katika utamaduni wa Cajun. Ukoo wa Zweig, neno la Kijerumani lenye maana ya tawi, ukawa LaBranche, yaani tawi kwa Kifaransa. Jina lilibadilika, lakini vitabu vya kanisa vilihifadhi asili. Makala hii inachunguza hali iliyo kinyume: mhamiaji ambaye hakuandikwa popote, na ambaye jina ndilo hati yake.

Usuli wa Kihistoria

Katika miaka ya 1898 na 1899 sehemu kubwa ya Kenya ya kati ilikumbwa na njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Ndui nayo ikafuata. Ambler (1988) anaeleza jinsi watu wa nyanda kavu za Kitui na Mbeere walivyokimbilia nyanda za juu, Uembu ikiwemo, ambako chakula kilipatikana kwa urahisi zaidi. Baadhi ya familia ziliwaweka wanawake na watoto rehani kwa chakula. Si wote waliokombolewa. Wapo wasichana walioolewa huko huko, na watoto wao wakahesabiwa katika koo za waume zao.

Hati za kimaandishi zilichelewa. Utawala wa Waingereza uliingia Embu mwaka 1906, na misheni ya Kigari ikaanzishwa mwaka 1910. Kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kiliwahusu wanaume. Msichana aliyevuka mto Tana mwaka 1899 hakukutana na karani yeyote.

Mfumo wa Majina

Kwa desturi ya Waembu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama. Vivyo hivyo, binti wa kwanza huitwa kwa nyanya mzaa baba na wa pili kwa nyanya mzaa mama. Hapa ndipo ulipo ushahidi. Ukoo huhesabiwa kwa wanaume, lakini majina hugawanywa kwa pande zote mbili.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mji mmoja karibu na soko la Kanja. Mke wa mji huo aliletwa kutoka Kitui akiwa msichana. Mama yake, aliyebaki Kitui, aliitwa Mumbua. Binti wa pili wa mke huyo ataitwa Mumbua. Mumbua huyu akiolewa na kupata mwana, binti wa kwanza wa mwana huyo ataitwa Mumbua tena. Hivyo mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga Uembu anaendelea kutajwa humo kila siku.

Lugha nayo hutoa ushahidi. Mumbua ni jina la Kikamba la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, kutokana na neno mbua. Waembu husema mbura. Sauti /r/ inayokosekana katika jina hilo ndiyo inayoelekeza ng'ambo ya Tana.

Mipaka ya Ushahidi

Jina peke yake halitoshi. Huenda lilitokana na urafiki, biashara au ndoa ya miaka ya baadaye. Ni sharti lilinganishwe na simulizi za wazee, daftari za ubatizo na kumbukumbu za wilaya zilizomo katika Makavazi ya Taifa, Nairobi.

Aidha, simulizi zenyewe zina maslahi. Akiandika kuhusu Wambeere, Glazier (1985) anaonyesha kuwa wakati wa kugawa na kuandikisha ardhi nasaba ziligeuka kuwa hoja za kesi: kila upande ulisimulia mababu kwa namna iliyoutetea. Katika mazingira hayo, kukiri kwamba nyanya alikuja kwa njaa kungeweza kumpa mpinzani neno la kumwita mtu mgeni katika shamba alilozaliwa. Kimya cha familia, basi, si lazima kiwe usahaulifu. Huenda ni kinga.

Hitimisho

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekusanya nasaba asitosheke na orodha ya wanaume wa ukoo. Awaulize wazee majina ya mabinti wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, hasa binti wa pili, kisha aulize kila jina lilitoka kwa nani. Na kwa kuwa jibu laweza kugusa urithi wa shamba, apate idhini ya familia kabla ya kulichapisha. Wajukuu wa wahamiaji wa 1899 ni wazee sana sasa, na swali hili halitakuwa na wa kulijibu kwa miaka mingi zaidi.