Bw. Bernard Mate, Mjumbe Kutoka Meru

Huko Nchiru, katika nchi ya Meru, ndiko yaliko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo tangu zamani limeweka sheria za Wameru. Kwa hiyo kutunga sheria halikuwa jambo geni kwao. Jambo geni lilikuwa kumchagua mtunga sheria kwa kura.

Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao 8 wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi, 1957. Katika Jimbo la Kati Bw. Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, alimshinda Bw. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza hilo, mwaka 1944.

Yafaa ijulikane kuwa kura haikuwa haki ya kila mtu. Mwenye elimu, mali au utumishi wa miaka mingi aliweza kupata hata kura 3. Tena, kwa ajili ya Hali ya Hatari, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa bila hati ya uaminifu. Wakikuyu wengi waliikosa, na kura za Wameru zikawa na uzito.

Mlango huo mwembamba ulimfaa Bw. Mate, lakini hakuridhika nao. Yeye na wenzake 7 walikataa uwaziri, wakadai viti zaidi. Mwaka 1958 viti vikawa 14. Mwaka 1960 alihudhuria mkutano wa katiba London. Na mwaka 1963 kila mtu mzima akapata kura moja.