Kadi Kubwa kwenye Mashine ya Mtumba

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kama mtumba Bukoba na Muleba ni zile zilizotumika kwanza maofisini huko nje: Dell OptiPlex 7010 au 9020, HP EliteDesk 800 G1 na ndugu zake. Ndani unakuta prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, RAM ya GB 4 au 8, na kadi ya grafiki hakuna. Kwa kuchapa barua na kupiga hesabu za duka, inatosha kabisa. Mwenyewe akishaweka gemu kama GTA V, picha zinaanza kurukaruka, na ushauri wa kwanza anaopewa ni ule ule: "Weka kadi kubwa, mdogo wangu, mambo yataisha." Ushauri huo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula hela za watu.

Gemu ni picha tuli nyingi zinazofuatana upesi, na kila picha huitwa fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila moja lazima ikamilike ndani ya milisekunde 16.7, ukiridhika na fremu 30, kila moja inapewa milisekunde 33.3. Katika muda huo mfupi prosesa inaamua mchezaji yuko wapi, mpira umegonga mwamba au umepita, gari la polisi linakata kona gani, kisha inaandaa orodha ya vitu vya kuchorwa. Kadi inaipokea orodha hiyo na kupaka rangi kila nukta ya kioo. Ni kama jikoni kwenye shughuli: mmoja anamenya ndizi, mwingine yuko motoni. Mpishi hodari hapiki ndizi ambazo hazijamenywa, na mmenyaji mwenye kisu kikali akizidisha kasi, ndizi zitarundikana tu kando ya sufuria iliyojaa. Fremu unazoziona zinafuata mwendo wa yule aliyechelewa.

Kazi ya kadi hukua kadiri nukta za kioo zinavyoongezeka. Mwonekano wa 1280 kwa 720 una nukta 921,600. Wa 1920 kwa 1080 una 2,073,600. Wa 4K una 8,294,400. Kwa prosesa mzigo ni karibu ule ule, kwa sababu kwenye gemu la mpira wachezaji uwanjani ni 22 kioo kiwe kidogo au kikubwa. Hapo ndipo linapopatikana jaribio lisilogharimu hata shilingi, na ningependa kila mtu alifanye kabla hajafungua pochi.

Kwanza zima V-sync na kizuizi kingine chochote cha fremu kwenye mipangilio ya gemu. Nenda mahali pazito: katikati ya jiji ndani ya GTA V, au kona inapopigwa na watu wamejazana golini. Soma fremu zako. Magemu mengi yanazionyesha yenyewe, na Windows 10 ina kidirisha kinachofunguka kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na G. Sasa shusha mwonekano kutoka 1080 hadi 720, urudi palepale. Fremu zikipanda sana, iliyokuwa imezidiwa ni kadi, au ile grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na kadi mpya itakufaa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayosubiriwa. Hata ukiletewa kadi ya milioni, hutaona tofauti ya maana.

Usidanganywe na asilimia za Task Manager. Prosesa ya kori nne ikionyesha matumizi ya asilimia 40, unaweza kudhani imepumzika, kumbe kori moja imejaa hadi juu na ndiyo inayoshikilia gemu zima. Kori moja kati ya nne ni asilimia 25 tu ya jumla. Kwa kadi hesabu ni rahisi zaidi: ikikaa kwenye asilimia 95 na kuendelea, inafanya kazi kwa uwezo wake wote, ikikaa kwenye 50 huku fremu ni chache na hujaweka kizuizi, inangoja kuletewa kazi.

Macho nayo yanasaidia. Kadi ikizidiwa, gemu huwa zito kwa namna moja mwanzo hadi mwisho. Prosesa ikizidiwa, linakwenda vizuri halafu linashtuka, linaganda kidogo, linaendelea. Ila kushtuka huko huletwa pia na uhaba wa RAM au wa kumbukumbu ya kadi yenyewe, kwa hiyo angalia kama GB 8 zako hazijajaa kabla hujamlaumu yeyote.

Twende kwenye ununuzi. Kwa i5-4570 au i5-4590, mimi ningeishia kwenye GTX 1650 yenye GB 4. Kwa i5-3470, GTX 1050 Ti inatosha, na kwa i5-2400 hata GTX 750 Ti ya mwaka 2014 ni mwenza wa heshima. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kusubiriana: RTX 3060 kwenye i5-3470 itakaa ikingoja katika magemu mengi mapya. Ya pili ni umeme. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa hadi wati 75, na GTX 1050 Ti pamoja na matoleo mengi ya GTX 1650 hayazidi hapo, wakati RTX 3060 inataka wati 170 na waya wake maalumu. OptiPlex 9020 ndogo ina pawasaplai ya wati 255, na ile ya mnara ina 290. Fundi akikwambia atachomeka adapta kutoka kwenye waya wa diski ili kulisha kadi kubwa, mshukuru uondoke. Waya ule haukutengenezwa kubeba mzigo huo, na umewahi kuyeyusha plastiki za watu. Kubadili pawasaplai nako si rahisi kama kwenye mashine za kuunganisha mwenyewe, maana 9020 na EliteDesk 800 G1 zina plagi zao tofauti na zile za kawaida. Na kama boksi lako ni lile jembamba, uliza kadi fupi ya nusu kimo, la sivyo haitaingia kabisa.

RX 6400 ya AMD inavutia kwa sababu inatumia wati 53 tu na ina matoleo ya nusu kimo. Tatizo ni kwamba inazungumza na mazabodi kwa njia nne pekee, na iliundwa kwa ajili ya tundu la PCIe 4.0. Kwenye mashine ya kizazi cha nne, ambayo ni PCIe 3.0, njia hizo zinapitisha nusu ya mzigo. Kwenye ya kizazi cha pili, robo. Kwa mashine zetu GTX 1650 ni salama zaidi. GT 710 iache dukani. GT 1030 ina matoleo mawili yenye jina moja, na lile la DDR4 ni dhaifu mno kuliko la GDDR5, kwa hiyo soma boksi vizuri.

Aina ya gemu nayo inabadilisha hesabu. Football Manager ni kazi ya prosesa karibu yote. Anayeicheza asihangaike na kadi. Counter-Strike 2, kwa mchezaji anayetaka fremu nyingi kwenye mwonekano mdogo, inaibana prosesa kwanza. Magemu ya mpira ukiyafunga kwenye fremu 60 hayana makuu, na i5 ya kizazi cha nne na kadi ya wastani vinaelewana. GTA V ina pande zote mbili: wingi wa watu na magari barabarani ni mzigo wa prosesa, nyasi na ulainishaji wa kingo ni mzigo wa kadi. Ukishajua nani anasubiriwa, unajua mpangilio gani wa kushusha. FSR ya AMD, mbinu ya kuchora picha kwa nukta chache kisha kuikuza, iliyotoka mwaka 2021 na inayokubali hata kadi za Nvidia, inaipunguzia kadi mzigo; kwa prosesa iliyochoka haina dawa.

Jaribio likionyesha kwamba prosesa ndiyo tatizo, usikimbilie kununua mashine nyingine. Mazabodi ya i5-4570 kwa kawaida inapokea i7-4770, yenye kori nne zinazobeba nyuzi nane, na ya i5-3470 inapokea i7-3770. Kizazi cha tatu na cha nne havibadilishani soketi. Badilisha na ule uji mkavu wa kupooza joto wakati huo huo. Kama huna kadi kabisa na kijiti cha RAM ni kimoja, ongeza cha pili kinacholingana nacho: grafiki ya ndani hutumia RAM hiyo hiyo, na vijiti viwili huipa njia pana mara mbili.

Wengi wa Bukoba huagiza Kariakoo au Mwanza, wengine huvuka Mutukula kwenda Kampala. Kokote utakakonunua, kurudisha kadi mbovu ni safari, basi ijaribu kabla ya kulipa, ikiwezekana ndani ya mashine yako mwenyewe. Kuna kadi za bandia: chipu ya zamani iliyobadilishwa maandishi ili ijitaje GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikizitambua nyingi tangu 2018. Angalia na idadi ya kori zake ndogo: 750 Ti ina 640, 1050 Ti ina 768, GTX 1650 ina 896. Namba ikikataa, rudisha. Jua pia kwamba Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kufikia mwisho wa madreva mapya ya magemu kwa kadi za rika la 750 Ti na 1050 Ti. 1650 haimo kwenye kundi hilo.

Umeme wa mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi ulikuwa ukitoka Uganda kupitia Masaka, na kukatikakatika ni jambo tunalolijua. Radi za upande wa ziwani nazo hazina adabu. Tenga fedha ya UPS ndani ya bajeti ya kadi, na mvua ikianza kunguruma chomoa plagi ukutani. Msimu wa senene, boksi lisiachwe wazi usiku chini ya taa, hata kama uliondoa kifuniko ili lipoe.

Kwa anayeanza bila mashine yoyote, ninaona ni afadhali kutafuta Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 na vijiti viwili vya RAM vya GB 8, acheze na grafiki yake ya ndani kwa sasa, kadi aongeze baadaye. Inapokea Windows 11, wakati zile i5 za zamani hazimo kwenye orodha rasmi ya Microsoft na msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Na mashine yoyote yenye kadi, ukiisafirisha kwa basi kwenda Muleba au kwa meli kutoka Mwanza, chomoa kadi kwanza, ifunge peke yake, uibebe mkononi.