Tangi Kwanza, Samaki Baadaye

Mtu hujaza tangi la kioo maji ya ziwa asubuhi, jioni akatia samaki kumi wanaoishi kwenye mawe. Siku mbili za kwanza wanacheza. Siku ya nne hawagusi chakula. Alfajiri ya siku ya tano wote wako juu, midomo wazi, wanahema. Maji ni maangavu, hayanuki, na mwenyewe anaapa kuwa ni yaleyale ya Ziwa Tanganyika. Ni kweli, na tatizo linaanzia hapohapo.

Sumu isiyoonekana

Samaki hutoa amonia, zaidi kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Ziwani haisumbui: kina kinafika mita 1,470, na kila jiwe la ufukweni limevaa utelezi wenye bakteria wanaoila. Katika tangi la lita 100 haina pa kwenda. Tena maji yetu ni ya magadi, pH yake karibu 9. Katika maji ya pH 7, kwenye sehemu 100 za amonia haifiki hata moja iliyo katika hali ya sumu kali. Katika pH 9, maji yakiwa na joto la nyuzi 25, ni kama 36. Kosa ambalo samaki wa mtoni angelivumilia, wa kwetu halivumilii.

Bakteria wa kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu: hufanya damu ya samaki iwe ya kahawia, ishindwe kubeba hewa. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa haijazidi. Wote huzaana polepole mno, ndiyo maana kazi ya kuwaotesha huchukua wiki nne hadi sita.

Kuotesha bakteria

Osha mchanga, weka maji ya ziwa, washa pampu ya hewa na chujio la sifongo. Kisha nenda ufukweni mbali na vyoo, uchukue mawe matatu au manne yenye utelezi. Yabebe ndani ya ndoo ya maji ya ziwa, yasikauke njiani. Usiyasugue, usiyachemshe, usiyapake sabuni: utelezi huo ndio mbegu yako. Konokono watoe, maana wapo wanaobeba kichocho.

Bakteria wanataka chakula, na chakula kipo sokoni. Funga ndagala wawili au watatu wakavu, wasiotiwa chumvi, ndani ya kitambaa chepesi, uwatumbukize. Watanuka, na maji yatakuwa kama yametiwa maziwa kwa siku kadhaa. Usiogope, wala usiyamwage. Wakishaoza kabisa, vuta kitambaa, utie ndagala wengine wachache.

Ukipata vipimo vya matone, pima kila baada ya siku tatu. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itapanda nyuma yake, nayo itashuka. Tangi liko tayari ukitia ndagala wapya, na katika siku zinazofuata, wanapooza, amonia na nitriti zikabaki sifuri. Asiye na vipimo asubiri wiki nane, kisha aanze na samaki wawili wadogo na kuwatazama kila alfajiri, kwani usiku hewa hupungua majini.

Kabla ya kutia samaki badilisha nusu ya maji. Anza na wachache, ongeza wengine baada ya wiki mbili. Bakteria huzaana kufuata chakula kilichopo. Ukiwatia kumi kwa pamoja, umerudi siku ya tano ile.

Klorini na umeme

Kipindupindu kinapotutembelea, bidoni za maji hutiwa klorini ufukweni. Maji hayo ni ya kunywa, msiyakatae. Tangini yanaua bakteria na samaki pia, kwa hiyo chota ya tangi kabla ya klorini kutiwa.

Wengi wetu tunategemea sola. Betri ikiisha usiku, pampu inasimama, na bakteria waliofungiwa ndani ya sifongo hukosa hewa. Toa sifongo uilaze kwenye beseni pana lenye maji ya tangi, mpaka jua litoke. Ikiziba, ikamue ndani ya maji hayohayo ya tangi, mara moja au mbili, ukaiache ingali na rangi ya kahawia.